Utepe wa Ghala la Joto

Haya ninayowasimulia yametokea juzijuzi tu, wala si mbali, katika nchi ambayo jina lake siwezi kulitaja. Msidhani nafanya siri. Jina letu la zamani lilifutwa na Bunge miaka sita iliyopita, na jina jipya bado halijazinduliwa, kwa hiyo mpaka leo sisi ni wananchi wa nchi tu. Kwenye hati za kusafiria wameacha nafasi.

Mtu wa nje anaweza kucheka. Mimi sicheki, maana uzinduzi ndiyo kazi inayonilisha. Naitwa Mwinjuma, Afisa Itifaki Daraja la Tatu, Kitengo cha Tepe. Kwetu hakuna kitu kinachotumika kabla hakijazinduliwa, na hakuna anayezindua isipokuwa mkuu wa nchi, ambaye cheo chake kamili ni Mgeni Rasmi wa Kudumu. Daraja letu kubwa lilikamilika zamani. Watu wanavuka mto kwa kuogelea chini yake, nguo wamezifunga kichwani, na wakifika katikati wanainua macho wanalisifia. Kituo cha afya cha tarafa yetu kina vitanda arobaini ambavyo bado viko ndani ya nailoni za dukani. Akina mama wanajifungulia barazani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuchana nailoni. Sisi ni watu wastaarabu.

Nimeanza na hilo mapema ili mtu asije akamlaumu Mhandisi Leokadia, au akanilaumu mimi.

*

Leokadia alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kusema, asiyeweza kukaa kitini dakika tano. Miaka tisa aliifuata Serikali na jambo moja tu. Kule Bonde la Tengu kuna kiwanda cha taifa cha nyanya za kopo. Nyanya hazichemki bila mvuke, mvuke haupatikani bila moto, na moto ulikuwa wa kuni. Vilima vyote vya pale vilishaingia tanurini, kimoja baada ya kingine, vikabaki vipara. Sasa Leokadia akasema, jua tunalo mchana kutwa na linapotea bure. Tulikusanye, tuliweke akiba, kiwanda kilitumie usiku na mchana.

Maofisa walimuuliza jua litawekwa kwenye nini. Akawaambia kwenye changarawe. Walicheka wakatoka machozi, halafu wakampa kibali ili wapate cha kucheka siku nyingine.

Lakini alilijenga. Mnara mnene wa matofali, mrefu kuliko mnazi, kuta zake pana kuliko kitanda cha futi sita, na tumboni umejaa changarawe na mchanga. Nje uwanda mzima ukasimikwa vioo. Vioo vinalirudisha jua kwenye bomba jeusi, bomba linapuliza hewa ya moto ndani ya mnara, na changarawe zinalishika lile joto. Ukipitisha maji kati yake yanatoka mvuke, mvuke unakwenda kiwandani, nyanya zinachemka. Aliponieleza hivyo nilielewa mara moja, na mimi shuleni hesabu zilinishinda.

Chini ya mnara, ubavuni, palikuwa na chumba kidogo cha koki na vipimo. "Hapa mtu anaingia dakika kumi, anageuza koki, anatoka," aliniambia. "Joto halitakiwi kulala humu. Ni la kuchotwa. Ukiujaza mnara kila siku usichote, chumba hiki kitakuwa tanuri la mikate."

Niliandika maneno yake kwenye daftari langu la sherehe, nikidhani yatafaa kwenye hotuba.

*

Siku ya uzinduzi ilipangwa, saa nne kamili asubuhi. Saa tatu na nusu nilifika na tepe mbili za hariri nyekundu. Mmoja mdogo niliufunga kwenye koki kubwa ya mvuke. Wa pili, wa mita mbili, niliufunga mlangoni, mwimo hadi mwimo, usawa wa kiuno. Mlango wenyewe uliachwa wazi ili picha zitoke vizuri.

Nilipokuwa nakaza fundo la mwisho nikasikia sauti ndani. "Nakuja, kaka. Nakaza nati moja tu."

Alikuwa Leokadia, na spana mkononi, mgongo umenielekea. Fundo lilishakaa. Kanuni zetu hazimtaki afisa apige hodi kabla ya kufunga, na mimi nafuata kanuni. Alipogeuka akauona utepe, akacheka. Na mimi nikacheka. Mgeni Rasmi alikuwa anakuja baada ya nusu saa, tukaona si neno. Atakata, na huyu atatoka huku akipigiwa makofi.

Kwaya iliimba. Wakulima walikuwa wamepanga matenga ya nyanya mpaka barabarani. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Saa nane simu ikalia. Mgeni Rasmi alikuwa amepita mahali akaona kisima hakijazinduliwa, moyo ukamuuma, akashuka kukizindua, na sasa amechoka. Uzinduzi wetu umeahirishwa hadi siku itakayotajwa.

Leokadia akasema basi, atakuja tena siku hiyo. Akainua mguu avuke.

Nilipuliza filimbi. Sikupenda, lakini nilipuliza. "Mhandisi, shusha mguu. Kifungu cha Saba cha Sheria ya Tepe. Atakayevuka utepe wa taifa kabla haujakatwa amejifanya Mgeni Rasmi."

"Na adhabu yake?"

"Ni ile ya kujifanya Mgeni Rasmi."

Akaushusha. Sote tunaijua adhabu hiyo, kwa sababu uwanja unaotumika kuitolea ni miongoni mwa vitu vichache vilivyozinduliwa.

"Nikipita chini yake?" akauliza.

Swali lilikuwa jipya, nikalipeleka makao makuu. Kamati ilikaa siku mbili na chai. Jibu likaja kwa barua: chakula, maji na vitu vidogo vinaweza kupita chini ya utepe, kwa kuwa vitu havina nia. Mtu hawezi. Mtu akipita chini lazima ainame, na kuinama mahali ambapo Mgeni Rasmi hayupo ni kumwinamia mwingine. Mimi nikaamriwa nilinde utepe mpaka ukatwe, nisiondoke hata kwa msiba. Nikaletewa kiti.

*

Basi tukakaa, yeye ndani na mimi nje, kati yetu kitambaa ambacho mtoto angekipasua kwa kupiga chafya.

Mumewe, Bwana Aloisi, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akija kila adhuhuri. Anasukuma sinia chini ya utepe, anapokea la jana, halafu anachuchumaa pale mlangoni wanaongea. Wiki ya kwanza waliongea habari za paa lao linalovuja. Wiki ya tatu alianza kuleta khanga zilizolowekwa maji, maana ndani hakukaliki tena. Leokadia anajifunika moja kichwani na nyingine mabegani, na kabla hajamaliza kula zimekauka.

Mtauliza kwa nini mnara ulizidi kujazwa. Kwa sababu ratiba ilisema Mgeni Rasmi atakuta kipimo kiko nyuzi mia sita, na hakuna mwenye ubavu wa kumwonyesha mia tano tisini na tisa. Na hakuna aliyejua siku atakayotokea. Kwa hiyo kila kukicha vijana wa vioo wanavigeuza jua, na kila jioni wanaandika mia sita. Chumba cha koki, ambacho Leokadia mwenyewe alikipimia dakika kumi, kikafika nyuzi thelathini na nane, kisha arobaini na mbili, kisha arobaini na tano.

"Kaka Mwinjuma," aliniambia siku moja, na midomo imepasuka, "niruhusu nigeuze koki. Nusu tu. Mvuke uende kiwandani, mnara upoe, nami nipumue. Nyanya zinaoza pale, unazinusa. Sitoki. Nageuza tu."

Nilikuwa nazinusa kweli. Wakulima walikuwa wameyaacha matenga palepale kwa imani, na maji mekundu yalikuwa yanachuruzika hadi miguuni mwa kiti changu. Upande wa pili kiwanda kilikuwa bado kinataka moto, na kuni zimekwisha, kwa hiyo malori yalikuwa yanapita mbele yetu yamebeba madawati ya shule. Bwana Aloisi aliyatambua. Alisema lile la mbele ni la darasa la nne.

Niliandika barua ya koki, nikaongeza na ombi lake la feni, kwa mkono mzuri. Hakuja karani, alikuja Mkurugenzi wa Itifaki mwenyewe, Bwana Bakuza, na mwavuli, na mtu wa kumshikia mwavuli. Alisimama hatua thelathini kutoka mlangoni kwa sababu ya joto, akafungua karatasi, akasoma.

"Mhandisi Leokadia. Serikali imeguswa, imeguswa sana, na moyo wako wa kujitolea kubaki ndani ya mradi. Ni wahandisi wangapi duniani wanaoipenda kazi yao kiasi hiki? Kuhusu ombi lako la koki. Joto lililomo humo, ingawa limetoka kwenye jua, ni joto la Mgeni Rasmi mpaka atakapolizindua. Kulitumia leo ni kumnyang'anya. Kuhusu ombi lako la feni, Serikali ilikuwa na feni ya kukupa, tena mpya, lakini iko kwenye foleni ya uzinduzi, nafasi ya mia tatu na tisini. Vumilia. Taifa linakutazama."

"Mkurugenzi," Leokadia akasema, sauti imekauka, "nitakufa humu."

Bwana Bakuza aliikunja karatasi yake taratibu. "Usiseme hivyo, mwanangu. Hakuna mtu aliyewahi kufia kwenye mradi wetu kabla ya uzinduzi. Kanuni haziruhusu."

Akapanda gari. Mimi nilibaki nimesimama kwa heshima mpaka vumbi likatua, halafu nikamsogezea Leokadia ndoo yangu ya maji chini ya utepe. Alikunywa nusu, nyingine akajimwagia. Nilimwonea huruma, siwezi kukataa. Lakini huruma haina fomu katika ofisi yetu.

*

Mwezi wa tatu wa kukaa kwetu pale, siku ikatajwa. Safari hii ilikuwa kweli, kwa sababu walikuja kupaka rangi mawe ya barabarani.

Leokadia alipata nguvu. Alimwagiza mumewe alete kitana. Alichana nywele zake akiwa amekaa sakafuni, maana kusimama kulikuwa kumeshamshinda, akaniuliza kama uso unatazamika. Nikamwambia unatazamika. Ulikuwa umekonda ukabaki macho. Alisema akitoka hataki hotuba wala maua, anataka kwenda nyumbani alale kwenye sakafu ya saruji, chini ya lile paa linalovuja, na mvua inyeshe.

Alfajiri ya siku yenyewe walikuja watu wa usalama kupima mahali atakaposimama Mgeni Rasmi. Walitembea kuelekea mlangoni. Hatua hamsini, wakavua makoti. Hatua arobaini, mmoja akasema soli ya kiatu chake inanata. Walirudi nyuma wakaongea kwa redio, na baada ya saa moja nikaona malori yanapita yamebeba mahema, viti, kwaya na zulia, yanakwenda zake upande wa chini wa bonde, penye upepo.

Uzinduzi ulifanyika kilomita saba kutoka kwetu. Sikuwepo, mimi nalinda utepe, lakini tulisikia yote kwa vipaza sauti vilivyotundikwa njia nzima. Walisimika miti miwili, wakafunga utepe kati yake, tena wa bluu. Mgeni Rasmi alihutubia saa mbili na robo. Alisema nchi nyingine zinahifadhi nafaka, nyingine zinahifadhi dhahabu, sisi tumehifadhi jua, na kuanzia leo atakayetaka jua atatujia kwa adabu. Alisema ghala limeanza kazi. Makofi yakapigwa. Tukasikia mkasi, kwa kuwa waliuwekea kipaza sauti chake.

Leokadia alikuwa ameshika mwimo wa mlango, akajivuta akasimama. "Tayari," akasema. "Haya, Mwinjuma. Fungua."

Niliwaza hivyohivyo. Lakini mimi ni Daraja la Tatu; sifungui bila neno la mkubwa. Nikamsubiri Mkurugenzi. Alipita jioni akitokea kwenye karamu, na gari halikuzima injini. Nikamkimbilia dirishani. "Mkuu, utepe wetu je? Nani atakuja kuukata?"

"Utepe upi?"

"Huu wa mlangoni, mkuu. Na ule wa koki."

Alinitazama kama anayemtazama mwanafunzi aliyeingia darasa lisilo lake. "Mwinjuma, mradi hauzinduliwi mara mbili. Utepe wa Ghala la Joto umekatwa leo mbele ya taifa. Huu ukikatwa, maana yake ule aliokata Mgeni Rasmi haukuwa wenyewe. Unataka kusema hivyo?"

"Hapana, mkuu. Na kuufungua tu fundo, polepole?"

"Kwa nini ufungue kitu ambacho kimeshakatwa?"

Nikauliza habari za Mhandisi.

"Mhandisi gani?" akasema. "Ripoti ya usalama nimeisoma mwenyewe kwa Mgeni Rasmi. Jengo limekaguliwa, hamna mtu ndani. Aliipokea akasema vizuri. Sasa akitokea mtu ndani, mimi nimemwambia nini Mgeni Rasmi? Na mvuke ukianza kutoka kesho, ina maana leo ulikuwa hautoki. Kipimo kibaki mia sita, kwa sababu ndiyo mia sita iliyotangazwa. Kazi njema, Mwinjuma. Umepandishwa Daraja la Pili."

Nilirudi mlangoni. Leokadia alikuwa amesikia yote. Hakulia, nadhani maji ya kulilia hayakuwepo. Alikaa chini akaegemea ukuta, akajitoa upesi maana ukuta unaunguza, akakaa katikati ya chumba.

*

Siku ya nne baada ya uzinduzi, saa saba mchana, utepe ulikatika.

Hakuna aliyeugusa, naapa. Ulikuwa umekaushwa miezi mitatu na joto linalotoka mlangoni, rangi yake nyekundu imekuwa ya maziwa, na pale kwenye fundo umekuwa kama ganda la kitunguu. Ulitoa sauti ndogo, ukaanguka vipande viwili, kimoja upande wake na kimoja upande wangu. Mlango ukabaki wazi kama mlango wowote wa nyumba.

Niliogopa. Nasema ukweli wangu, nilishika kiti. Tulikuwa sisi wawili tu. Vijana wa vioo walikuwa mbali uwandani, wamefunika nyuso zao kwa matambara, na kule mwisho wa barabara nilimwona Bwana Aloisi anakuja na sinia, mdogo bado.

Leokadia alitambaa mpaka kizingitini. Akashika mwimo, akasimama. Akatoa mguu mmoja, akaukanyaga mchanga wa nje. Alifumba macho. Upepo ulikuwapo kidogo, ulipitia nywele zake.

Mimi filimbi ilikuwa mdomoni na sikuipuliza. Mtaniuliza kwa nini, sijui. Nilikuwa nasema moyoni, nenda, dada, nenda upesi, na papo hapo nilikuwa naomba asiende.

"Mwinjuma," akasema bila kufumbua macho. "Nikitoka watakuuliza nini?"

"Watauliza nani amekata."

"Utasema umekatika wenyewe."

"Watasema utepe wa taifa haukatiki wenyewe. Watasema ni mimi. Nina watoto wanne, dada."

Mguu wake ulikuwa bado mchangani. "Na mimi wataniuliza nilikuwa wapi miezi mitatu."

"Ndiyo."

"Nikisema nilikuwa humu, nimesema Mgeni Rasmi alidanganywa. Wataniuliza nani alikuwa ananiletea chakula."

Tukatazama wote barabarani. Bwana Aloisi alikuwa amekaribia kiasi cha kuonekana kuwa anachechemea. Ndala moja ilikuwa imekatika kamba, ameibeba juu ya sinia, kando ya khanga mbichi.

Leokadia alimtazama kwa muda mrefu. Halafu akauvuta mguu ndani, taratibu, akakung'uta mchanga uliobaki unyayoni, kwa mkono, wote.

"Unao mwingine?" akaniuliza.

Ninao daima, afisa wa tepe hatembei bila utepe. Nikautoa mfukoni, mpya, mwekundu. Fundo likawa halikai. Akashika ncha ya upande wake, akaibana kwenye mwimo kwa kidole gumba.

"Vuta kidogo," akasema. "Umelegea."

Nikavuta. Nikafunga. Vile vipande vya zamani akanipitishia chini ya utepe, nikavitia mfukoni.

Bwana Aloisi alipofika hakugundua kitu. Alichuchumaa, akasukuma sinia ndani, akamwambia mkewe leo kuna mchicha. Kisha akainua macho, akaniambia kwa wema tu, kama mtu anayetafuta la kuongea, kwamba utepe wangu leo unang'aa.

Nikamshukuru.